Kanuni za Uvuvi wa Michezo na Uchumi wa Utalii Mkoani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wenye boti, wenye nyumba za wageni, wavuvi wa madikoni na vijana wanaotembeza wageni kati ya Mkinga na Pangani huyarudia kila mjadala wa kanuni unapoibuka. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Uvuvi wa michezo ni upi, na unatofautianaje na uvuvi wa kawaida?

Ni uvuvi ambao anayeufanya hatafuti kitoweo wala bidhaa ya kupeleka mnadani, bali raha ya kupambana na samaki kwa fimbo, mshipi na ndoano. Katika Mkondo wa Pemba wanaotafutwa zaidi ni samaki wakubwa wa maji ya kina: nduaro na sulisuli, jodari, nguru, fulusi na kolekole.

Tofauti iliyo muhimu kwa uchumi haiko kwenye zana bali kwenye namna fedha inavyopatikana. Mvuvi wa diko hulipwa kwa kilo aliyoishusha, ilhali mwenye boti ya wageni hulipwa kwa siku. Mgeni aliyekodi boti hulipa hata asiponasa kitu, mradi aamini kwamba samaki wamo na kwamba alikuwa na nafasi ya haki ya kuwapata. Imani hiyo ndiyo inayouzwa, na kanuni za uvuvi huijenga au huibomoa.

2. Kanuni zinazohusika ni zipi?

Msingi ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009, ambazo zilitazamwa upya mwaka 2020. Pembeni yake ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, inayotawala maeneo kama Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga (silikanti ni samaki wa kale anayeelezwa katika swali la 19), iliyoanzishwa mwaka 2009, na Kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani. Juu ya hizo kuna maazimio ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, kwa kuwa jodari na nduaro ni samaki wanaohama na hakuna nchi moja inayoweza kuwasimamia peke yake.

Duniani kote kanuni za aina hii hugusa mambo yale yale: nani ana leseni, avue wapi, wakati gani, kwa zana ipi, samaki wa ukubwa gani na wangapi, na nini kifanyike kwa samaki aliyenaswa.

3. Kanuni ya samaki inaihusu vipi nyumba ya wageni isiyokuwa hata na ngalawa?

Mgeni anayekuja kuvua hulala, hula, husafiri na hununua. Boti inayotoka alfajiri inahitaji mafuta, barafu, chambo, nahodha anayeijua bahari, mabaharia, na mtu wa kuilinda usiku. Mgeni mwenyewe anahitaji chumba, chakula cha jioni, gari la kumtoa Tanga mjini hadi ufukwe wa Ushongo, kusini mwa Pangani, na mara nyingi siku moja au mbili za ziada za kwenda Saadani au kwenye magofu ya Tongoni. Kanuni ikimfanya afute safari, hasara haiishii kwa mwenye boti, bali inashuka hadi kwa mama anayewaandalia mabaharia chai na vitumbua.

Vilevile, kanuni nzuri humwongezea mwenye nyumba ya wageni wageni ambao hakuwatafuta. Mtu anayekwenda kuogelea juu ya mwamba ananufaika na marufuku ya baruti kuliko mvuvi wa nduaro, ingawa hajawahi kuisoma kanuni yenyewe.

4. Kwa nini Tanga, na si mahali pengine popote pwani?

Kwa sababu kina kirefu kiko karibu. Pemba imetenganishwa na bara na mkondo wenye upana wa karibu kilomita 50 na kina cha mamia ya mita, hivyo boti haihitaji safari ya usiku kucha ili kuwafikia samaki wa bahari kuu. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa ya joto. Wakati wa kusi mawimbi huwa makubwa na baadhi ya wenye boti huzipandisha pwani. Msimu wa wageni tayari umewekwa na upepo, na kanuni yoyote ya msimu itakayotungwa bila kuutazama upepo itaangukia pabaya.

## Leseni, ada na wingi wa ofisi

5. Mwenye boti ya wageni anapaswa kupita ofisi zipi?

Leseni ya uvuvi hutoka upande wa Idara ya Uvuvi, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Usajili na ukaguzi wa usalama wa chombo uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Biashara ya kutembeza watalii ina leseni yake katika Wizara ya Maliasili na Utalii. Akiingia eneo la hifadhi, analipa ada ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Halmashauri nayo ina leseni ya biashara na tozo zake.

Kila ofisi ina sababu ya kuwapo, na hakuna anayetaka boti isiyokaguliwa ibebe watu katika Mkondo wa Pemba. Tatizo ni kwamba samaki yuko katika wizara moja na mtalii katika nyingine, kwa hiyo anayetunga kanuni ya samaki halazimiki kuhesabu vyumba vitakavyobaki vitupu, na anayetangaza utalii halazimiki kujua kama samaki bado wapo.

6. Je, ada zikipanda wageni watakimbia?

Si lazima. Anayelipa nauli ya ndege kutoka Ulaya au Afrika Kusini, akakodi boti kwa siku kadhaa, haahirishi safari kwa sababu ya nyongeza ndogo ya ada, hasa akiona doria inafanya kazi. Anachokichukia ni kushtukizwa. Wageni wa uvuvi hupanga safari miezi mingi kabla, na mwenye boti huwa amekwisha kuwapa bei. Ada ikibadilishwa katikati ya msimu, ama mwenye boti ailipe kutoka mfukoni, ama amwombe mgeni fedha ya ziada ufukweni, jambo linaloharibu jina la mahali pote.

Kwa maoni ya mwandishi, tarehe ya kutangaza ada ina uzito kuliko kiwango chake. Ada kubwa iliyotangazwa mwaka mmoja kabla inabebeka. Ada ndogo iliyoanza jana inaumiza.

Hali ni tofauti kwa mwananchi wa Tanga mjini anayependa kuvua Jumapili kwa mshipi wake. Huyo hana nauli ya ndege ya kulinganisha na ada, na kiwango kimoja kwa wote humwondoa baharini. Ni busara mwenyeji na mgeni wawe na viwango tofauti, kama ilivyo kwenye viingilio vya hifadhi zetu.

7. Fedha ya ada hurudi kijijini?

Hapa ndipo malalamiko mengi ya vijiji vya pwani yanapoanzia. Ada inayokusanywa kwenye mwamba wa kijiji lakini isionekane kwenye zahanati, kisima au mafuta ya boti ya doria humfanya mwanakijiji aione kanuni kuwa mali ya watu wengine, na mtu haripoti uhalifu unaotendwa dhidi ya mali isiyo yake. Mgawanyo unaobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, wenye kiasi kilichopokelewa na kilichotumika, hufanya kazi ambayo semina kumi hazitaifanya.

## Kufunga maeneo na misimu

8. Eneo likifungwa kwa uvuvi, si tunapoteza wageni?

Wa uvuvi wanaweza kuhamia eneo jingine. Wa kuogelea na kupiga mbizi huongezeka. Mfano wa karibu ni Maziwe. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, wakati kilikuwa bado na miti na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutaga. Miti ilipokatwa mawimbi yalikila kisiwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilichosalia ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakitoka. Hata hivyo mwamba unaolizunguka, ambao hauruhusiwi kuvuliwa, ndio unaowapeleka wageni wa Ushongo na Pangani baharini hadi leo. Mtu anaweza kusema kwamba Pangani inaishi kwa mwamba wa kisiwa ambacho hakipo tena.

Tanga pia ina uzoefu wa kufunga miamba kwa makubaliano. Mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, ulioendeshwa kuanzia 1994 hadi 2007 kwa msaada wa shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile (IUCN) na serikali ya Ireland, uliwakutanisha wanavijiji na halmashauri kuamua ni miamba ipi ifungwe na nani ailinde. Maamuzi yalikuwa ya mabishano, lakini yalifanywa na watu waliokuwa wakiuona mwamba kila siku.

9. Je, kufunga msimu kunafaa kwa samaki wa michezo?

Kunafaa kwa samaki wanaozaliana mahali na wakati unaojulikana, kama chewa. Kwa nduaro anayepita akihama kunasaidia kidogo, kwa sababu akivuka kwetu salama atakutana na meli za bahari kuu mbele ya safari.

Kuna hatari nyingine. Msimu ukifupishwa sana, watu hawaachi kuvua. Hujazana katika siku zilizobaki. Katika Ghuba ya Mexico, Marekani, msimu wa serikali kuu wa samaki mwekundu wa familia ya changu kwa wenye boti binafsi mwaka 2017 ulitangazwa kuwa wa siku 3, wakati boti za kukodi zilipewa siku 49. Miji midogo ya pwani, ambayo hoteli zake, maduka yake ya chambo na vituo vyake vya mafuta hutegemea kiangazi, ilipiga kelele, na serikali ikaongeza siku 39. Nyongeza hiyo nayo ililalamikiwa na watetezi wa samaki. Baadaye majimbo yalipewa madaraka zaidi ya kupanga siku zao wenyewe, jambo lililowawezesha wafanyabiashara kupanga ratiba na samaki kuhesabiwa kwa karibu zaidi.

10. Kuna mahali ambapo kanuni iliumiza utalii kweli?

Ndiyo, na haifai kulificha. Afrika Kusini ilipiga marufuku kuendesha magari ufukweni mwishoni mwa 2001, ili kulinda ndege wanaotaga mchangani na mimea ya matuta. Haikuwa kanuni ya uvuvi, lakini wavuvi wa fimbo ndio waliokuwa wakiyatumia magari hayo kufika sehemu zao, na miji iliyowategemea, kama St Lucia, iliona wageni hao wakipungua. Ndege walinufaika. Aina ya wageni ikabadilika polepole, lakini mwenye duka la chambo hakuwa na uwezo wa kungoja hadi wageni wa aina nyingine waje.

Marufuku yenyewe ina hoja zake. Kilichowaumiza wafanyabiashara ni kwamba faida ilichelewa na hasara ikaja papo hapo, na hakukuwa na daraja la kuwavusha kati ya hizo mbili.

11. Baruti inaingiaje katika mjadala wa uvuvi wa michezo?

Inaingia kuliko leseni zote kwa pamoja. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini tangu 1970, na Sheria ya 2003 inaweka kifungo kisichopungua miaka 5 kwa anayevua kwa milipuko. Kwa miongo kadhaa marufuku hiyo ilikuwapo kwenye karatasi huku milipuko ikisikika, na pwani ya Tanga ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi. Mgeni aliye chini ya maji husikia mlipuko kutoka mbali sana; akirudi kwao husimulia mlipuko, si matumbawe.

Milipuko ilipungua sana baada ya vyombo mbalimbali vya dola kuanza kufanya kazi pamoja kuanzia katikati ya miaka ya 2010, vikifuatilia vilipuzi vinakotoka na samaki wanakouzwa badala ya kumkimbiza mvuvi mmoja mmoja baharini. Kanuni haikubadilika, usimamizi ndio uliobadilika. Anayedai kwamba kanuni za uvuvi hukwamisha utalii wa Tanga aeleze kwanza ni hasara gani ilisababishwa na kanuni, na ipi ilisababishwa na kanuni kutofuatwa.

## Kumrudisha samaki baharini

12. Kwa nini mgeni anaruhusiwa kumnasa nduaro na kumwachia, wakati kijijini watu wanahitaji kitoweo?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina haki yake. Jibu la kiuchumi ni kwamba samaki aliyeachiwa anaweza kunaswa tena na mgeni mwingine, ilhali aliyeuzwa mnadani ameuzwa mara moja. Mwaka 2009 Belize iliamuru kwamba aina tatu za samaki wa maji ya kina kifupi wanaopendwa na wavuvi wa michezo wasivuliwe isipokuwa kwa kuachiwa, na ni wavuvi wa kijijini wenyewe, waliokwisha kuwa waongoza wageni, waliokuwa na sababu ya kuitaka sheria hiyo.

Lakini hesabu hiyo ni ya kweli pale tu ambapo malipo ya mgeni yanafika kwa mtu aliyeacha kumvua samaki. Faida ikiishia kwa mwenye hoteli asiyeishi hapo, mwanakijiji ameombwa kufadhili starehe ya mwingine. Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni huu: nduaro na sulisuli waachiwe, na jodari au nguru wa kuliwa agawiwe mabaharia na kijiji. Kuhusu kuwauza, tazama swali la 14.

13. Samaki aliyeachiwa huishi kweli?

Wengi huishi, ikiwa wameshughulikiwa vizuri. Ndoano ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani hunasa pembeni mwa mdomo mara nyingi zaidi kuliko tumboni. Samaki asichoshwe kupita kiasi, asitolewe majini kwa ajili ya picha, na boti iende polepole huku maji yakipita kwenye mashavu yake hadi apate nguvu. Chewa na wenzake wanaopandishwa kutoka kwenye kina wana tatizo la pekee: kibofu chao cha hewa hutanuka, wakaelea wasiweze kuzama. Hao warudishwe chini kwa uzito maalumu, au boti ihame eneo.

14. Mgeni au mwenye boti anaweza kuuza samaki waliovuliwa?

Leseni ya michezo isigeuzwe njia ya kuingia sokoni. Afrika Kusini hukataza moja kwa moja kuuza samaki waliovuliwa kwa kibali cha burudani, na sababu yake inaeleweka katika diko lolote: boti yenye injini mbili, ambayo mafuta yake yamelipwa na mgeni, ikimwaga jodari mnadani itashusha bei ya mtu aliyekesha kwenye ngalawa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuwagombanisha wavuvi na utalii.

## Wenyeji, wavuvi na doria

15. Mvuvi wa ngalawa anafaidikaje?

Anaweza kuuza chambo, kuajiriwa kama nahodha au baharia, au kuwaongoza wageni kwenye miamba anayoijua. Katika yote hayo anauza ujuzi wake wa upepo, maji makuu na maji mafu, ujuzi usiopatikana kwenye kifaa cha kutafutia samaki.

Migongano ipo. Boti inayokokota mishipi inaweza kukata jarife lililotegwa usiku, na mwenye jarife hana pa kumpata aliyelikata. Makubaliano ya kijiji kuhusu njia za boti, taa kwenye maboya ya nyavu na fidia ya nyavu zilizokatwa yangepaswa kuwa sharti la leseni, badala ya kuachwa kwa ukarimu wa mwenye boti.

16. BMU ina nafasi gani?

BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi, ndiyo macho ya sheria kwenye diko. Inajua chombo kipi ni kigeni na samaki yupi ameletwa akiwa amevunjika mifupa kwa mlipuko. Isipokuwa na mafuta ya doria, inabaki kuwa macho bila miguu. Ndiyo maana swali la 7 halitenganishwi na hili.

## Hali zisizo za kawaida

17. Boti iliyotoka Pangani ikivuka hadi upande wa Pemba, au kaskazini kuelekea Kenya, inatumia leseni ipi?

Uvuvi ndani ya maji ya Zanzibar husimamiwa na Zanzibar, kwa hiyo leseni ya bara isichukuliwe kuwa inatosha huko. Nje ya maji ya kitaifa, yanayoishia maili 12 za baharini, kuna ukanda wa kiuchumi hadi maili 200, ambako Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao Zanzibar, inahusika kwa pande zote mbili za Muungano. Mpaka wa bahari na Kenya ulikubaliwa miaka ya 1970, na nduaro aliyenaswa upande mmoja huweza kuivuta boti hadi upande wa pili. Nahodha awe na kifaa cha kuonyesha mahali alipo, na amwambie mgeni mapema kwamba mshipi utakatwa ikibidi.

18. Papa mwenye mkia mrefu akinaswa?

Aachiwe akiwa hai. Azimio la Tume ya Jodari la mwaka 2012 kuhusu papa wa jamii hiyo linawataja wavuvi wa michezo waziwazi, na linataka boti zenye uwezekano wa kuwanasa ziwe na vifaa vya kuwaachia salama. Kwa nduaro na sulisuli, Tume imeweka kipimo cha chini cha sentimita 60, kuanzia ncha ya taya la chini hadi panda ya mkia; mdomo mrefu wa juu hauhesabiwi.

19. Silikanti anaweza kunaswa na mgeni?

Ni nadra mno, kwa sababu huishi kwenye mapango ya kina kirefu, na waliopatikana Tanga kuanzia 2004, hasa karibu na Kigombe, walinaswa na majarife ya papa yaliyotegwa chini sana. Samaki huyu, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, analindwa na sheria, na biashara yake ya kimataifa imekatazwa na mkataba wa CITES. Mgeni asiahidiwe kumwona. Akitokea kunaswa, asibaki kwenye boti kwa picha: aliye hai arudishwe chini mara moja, aliyekufa apelekwe kwa wasimamizi wa hifadhi, na nahodha aandike mahali, kina na saa kabla ya kuondoka hapo.